Ndege wa Kwetu Nilimwona London

Ndugu msomaji, ukijaliwa siku moja kusafiri ng'ambo, watu watakupa mashauri mengi: chukua koti zito, tunza pasi yako, angalia usipotee katika treni za chini ya ardhi. Mimi nakuongezea shauri moja tu. Siku ya kwanza, nenda bustanini ukawatazame ndege. Hutadaiwa hata senti, wala huhitaji Kiingereza kingi. Nisikilize nikueleze yaliyonipata.

Nilifika London asubuhi na mapema, mwezi wa Mei. Usiku kucha nilikuwa angani, sikupata usingizi. Nyumba ya wageni nayo haikuwa tayari kunipokea mpaka saa nane mchana. Nikaacha mzigo wangu mlangoni, nikatoka. Njiani watu walikuwa wengi kama siafu, lakini hakuna aliyenisalimu. Nakwambia kweli, nilijiona mpweke kuliko siku zote za maisha yangu.

Basi nikaingia Hyde Park. Ukisikia bustani, usidhani ni bustani ya mchicha. Ni uwanja mkubwa wa majani na miti katikati ya jiji, ambao mfalme Charles wa Kwanza aliwafungulia watu wote mwaka 1637. Ndani yake mna ziwa refu liitwalo Serpentine, lililotengenezwa karibu na mwaka 1730 kwa kuzuia maji ya kijito. Nikaketi kwenye benchi kando ya ziwa.

Mara nikasikia kelele za bata, nami moyo ukanishtuka, maana sauti ile naijua. Nikageuka. Bata mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye doa kuzunguka jicho kama mtu aliyepigwa ngumi, anatembea majanini na vifaranga saba nyuma yake. Kumbe ni yuleyule ashukaye katika mashamba yetu ya mpunga! Nilipokuwa mtoto, baba alinipa kazi ya kumfukuza kwa manati. Sikujua habari zake nyingine, ila kwamba ni mwizi.

Pembeni yangu aliketi mzee mmoja wa Kiingereza, amevaa darubini shingoni. Akaniona ninavyotabasamu peke yangu.

"Umempenda bata yule?" akaniuliza.

"Mzee, huyu ni wa kwetu," nikamjibu. "Mimi natoka Tanzania."

Akafurahi sana. "Basi leo wewe ndiwe mwalimu wangu. Niambie, huko kwenu hutaga wapi?"

Msomaji, nilikosa jibu. Nikabahatisha tu: "Nadhani katika matete, kando ya maji."

Mzee hakunicheka. Alinipa darubini yake, akaninyoshea kidole juu ya mti mkubwa wa kale. Nikatazama. Bata wa namna ileile amesimama juu kabisa, penye tundu la mti, kama bibi aliyetoka barazani! Ndipo mzee akanieleza kwamba bata huyu mara nyingine hutaga chini, lakini hupenda pia matundu ya miti na viota vikuukuu vya ndege wakubwa. Vifaranga wakiisha kuanguliwa, mama huwaita kutoka chini, nao hujirusha mmoja mmoja, kisha wote humfuata majini. Waingereza humwita bata wa Misri. Aliletwa kutoka Afrika katika karne ya 17 kuwa pambo la mabwawa ya wakubwa. Wengine wakatoroka, wakazaana.

Nilifurahi, lakini niliona haya pia. Ndege niliyemrushia mawe utoto wangu wote, nafundishwa habari zake na mgeni, mbali na kwetu!

Tukaondoka pamoja mpaka Kensington Gardens, bustani ya pili iliyopakana na ile ya kwanza. Kasuku wa kijani wenye mikia mirefu walikuwa wakipiga kelele juu ya miti. Hao nao asili yao ni Afrika na Asia. Njiwa walijaa njiani. Nikamwuliza mzee, "Na shomoro je? Mbona simwoni hata mmoja?"

Uso wake ukabadilika. Akanisimulia kwamba mwaka 1925 kijana mmoja, jina lake Max Nicholson, aliwahesabu shomoro wa bustani ile, akapata 2,603. Mwaka 1975 walihesabiwa tena, wakawa 544. Mwaka 2000 walionekana wanane tu. Wataalamu wametaja sababu kadhaa: wadudu wa kulisha makinda wamepungua, na matundu ya kujengea viota katika nyumba yamezibwa.

Fikiri, msomaji. Shomoro, ndege tunayemwona kila siku uani akiokota chenga! Tena kama kijana yule hangewahesabu walipokuwa wengi, nani leo angejua ni kiasi gani kimepotea?

Kesho yake nilikwenda St James's Park kuwaona mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo. Mwari wa kwanza wa bustani hiyo walitolewa na balozi wa Urusi mwaka 1664, zawadi kwa mfalme Charles wa Pili. Watu walikuwa wakisongamana kuwapiga picha. Nami nikawaza juu ya mwari wa Ziwa Rukwa na Ziwa Manyara. Zawadi ya mfalme tunayo kwetu, na wengi wetu hatujanyanyua macho kuitazama.

Niliporudi nyumbani nilishuka bondeni, safari hii bila manati. Nilikaa kimya karibu saa nzima. Juu ya mkuyu mkubwa kando ya mto, penye tundu, bata alikuwa amesimama. Mti huo nimepita chini yake tangu utoto wangu.

Kwa hiyo, wazazi, jaribuni jambo hili. Jumapili hii baada ya Misa, keti na watoto wako chini ya mti kwa nusu saa, manati yawekwe kando. Kila ndege mmoja mnayemwona, mtoto atie punje moja ya mahindi katika kibuyu. Halafu andikeni katika daftari: siku, mahali, jina la ndege kwa lugha yenu, na hesabu yake. Mwakani, mwezi uleule, rudini mahali palepale mkahesabu tena. Mtajua wenyewe kama wanaongezeka au wanapungua, na kama mti fulani haufai kukatwa. Na siku mgeni akikuuliza ndege wa kwenu hutaga wapi, hutakosa jibu kama mimi.