Nyumba Bila Ardhi: Nafsi na Jirani Katika Ziwa la Ng'ombe

Neno 'ziwa' lina maana mbili katika Kiswahili. Kwanza ni mahali maji yanapokusanyika. Pili ni kiungo ambacho kwacho mama humnyonyesha mwanawe. Jina la Ziwa la Ng'ombe, mtaa ulioko Kisauni, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, huchukuliwa na wengi kwa maana ya kwanza. Mimi niliyelelewa pale nimekuja kulielewa kwa maana ya pili, na makala haya yanakusudia kueleza sababu. Nitaitumia nadharia ya uchanganuzi nafsi, lakini matini nitakayoihakiki si riwaya wala utenzi. Ni sentensi moja fupi niliyoitamka mwenyewe mwaka 1997, nikiwa na umri wa miaka 12.

Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya udongo na mabati, yenye vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi. Nyumba ilikuwa mali ya babangu. Kiwanja hakikuwa chake. Mpango huu wajulikana sana Mombasa. Mtu hujenga juu ya ardhi ya mwingine, hulipa kodi ya ardhi, na siku mwenye ardhi anapokitaka kiwanja chake, mwenye nyumba hung'oa mabati yake akaondoka. Wenyeji huiita 'nyumba bila ardhi'. Mnamo 1917 Freud alidai kwamba nafsi inayojitambua si bwana katika nyumba yake yenyewe. Wanafunzi wenzangu chuoni walilishangaa dai hilo. Mimi nililiona la kawaida, kwani nilikuwa nimekulia katika nyumba ya namna hiyo.

Babangu alikuwa Mkamba wa Machakos aliyekuja Mombasa kutafuta kazi. Mamangu ni Mgiriama wa Kaloleni. Jirani yetu wa mlango wa pili, Mgiriama pia, alimwita babangu shemeji, nami nikamwita yeye mjomba. Nilipozaliwa mamangu aliugua, na kwa majuma kadhaa mkaza mjomba ndiye aliyeninyonyesha pamoja na mwanawe mchanga. Kwa hivyo mwana yule alikuwa ndugu yangu wa kunyonya. Twaweza kusema kwamba ziwa la kwanza nililolijua lilikuwa la jirani.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa. Katika siku na majuma yaliyofuata watu wa bara waliokuwa wakiishi kusini ya kivuko waliwindwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakayahama makazi yao. Wengi walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Hofu ilivuka maji, ikapita kisiwani, ikafika kwetu Kisauni. Jioni moja mjomba alikuja, akasimama mlangoni bila kuketi kama alivyozoea. "Shemeji," alisema, "mimi sina neno nawe. Lakini wewe nenda kwanza, mambo yatulie." Babangu aliondoka alfajiri na mfuko mmoja. Aliniambia, "Wewe kaa na mamako. Wewe hawatakuuliza."

Waliniuliza siku ya tatu. Tulikuwa wavulana saba au wanane nyuma ya duka, na ndugu yangu wa kunyonya alikuwamo. Mmoja alisema, "Kwani wewe si mbara?" Nikajibu, "Mimi? Babangu ndiye." Wakacheka, mchezo ukaendelea.

Msomaji anayeijua sarufi ya Kiswahili ataona mara moja kilichotendeka. Kiambajengo 'ndi-' huteua. Humtoa mmoja katika kundi, kikamsimamisha peke yake na kuwaacha wengine wote nje ya uteuzi huo. Kwa silabi mbili nilimweka babangu upande wa wanaopaswa kuondoka, nami nikajiweka upande wa waliobaki. Sikusema uongo. Huo ndio ubaya wa sentensi ile: kila neno lake lilikuwa la kweli.

Melanie Klein, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1946, alifafanua namna mtoto mchanga anavyoikabili hofu yake ya awali. Mtoto hawezi kustahimili wazo kwamba ziwa linalomshibisha na ziwa linalomnyima ni la mama mmoja. Hulipasua pande mbili: ziwa jema analolipenda, na ziwa baya analolichukia. Lakini mpasuko huo haukomei kwa mama. Mtoto mwenyewe hupasuka, na sehemu ya nafsi yake asiyoweza kuivumilia huitoa nje, akaiona ndani ya mtu mwingine. Nilikuwa na hofu ya kuwa mbara. Niliitoa, nikaitia ndani ya babangu, ambaye hakuwapo kuirudisha.

Freud naye alizungumzia mara kadhaa, likiwamo katika kitabu chake cha 1930 kuhusu ustaarabu na manung'uniko yake, jambo aliloliita majivuno ya tofauti ndogo ndogo. Watu wanaofanana sana na kuishi kwa kupakana ndio huzikuza mno tofauti zao. Mjomba na babangu walilipa kodi ya ardhi kwa mtu yule yule, wakateka maji kwenye bomba moja, wakanunua mkaa kwa mama mmoja. Jina la kabila likawa ndilo chombo cha kupimia yote ambayo maisha yao hayakuyatenganisha.

Hata hivyo, hatuna budi kujihadhari. Nchini Kenya lugha hii ya nafsi ina historia yenye doa. J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza hospitali ya Mathari kabla ya kustaafu, alichapisha mwaka 1953, chini ya Shirika la Afya Duniani, kitabu kilichomlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Mwaka uliofuata, kwa ombi la serikali ya kikoloni, aliandika kuhusu saikolojia ya Mau Mau, akilitazama vuguvugu lile zaidi kama tatizo la akili iliyo njia panda kuliko kama dai la ardhi. Fanon alimjibu mwaka 1961. Mhakiki atakayeieleza Likoni kwa Klein peke yake atakuwa amerudia kosa la Carothers: atakuwa ameyafanya malalamiko ya haki kuwa maradhi.

Malalamiko hayo yalikuwapo. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani wayasajili. Wamijikenda wengi hawakusajiliwa, na vizazi vyao vikaishi kama maskwota kwenye ardhi waliyoiita yao. Aidha, mwaka 1997 ulikuwa wa uchaguzi mkuu, na ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, uligusa mkono wa wanasiasa. Uchanganuzi nafsi hauwezi kutuambia nani alipora ardhi. Unachoweza kutuambia ni kwa nini hasira ya ardhi ilihamishwa ikamfikia asiyekuwa nayo. Mwenye kiwanja chetu hatukupata kumwona hata siku moja. Alijulikana kwa mtoza kodi wake tu. Aliyeambiwa aondoke alikuwa mpangaji mwenzetu wa ardhi ile ile, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na uso wake ulionekana.

Miaka miwili kabla ya Likoni, Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe na mwanasosholojia, alikuwa amechapisha riwaya yake *Walenisi* (1995). Dzombo, aliyehukumiwa na watawala wa kwao, anajikuta katika ulimwengu uliojengwa juu ya usawa, ambao jina lake ni sentensi nzima: wale ni sisi. Inafaa kuilinganisha sentensi hiyo na yangu. 'Ndi-' huteua na kutenga, 'ni' husawazisha. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza niliipenda kama mtu apendavyo dawa. Sasa nina shaka moja. Mwandishi ameyaunganisha maneno yale matatu hata mshono hauonekani, ilhali Klein anatufunza kuwa mtoto hukomaa pale anapoutambua mshono: anapogundua kwamba mama aliyemchukia ndiye aliyempenda, akaona haya, akataka kutengeneza alichokiharibu. 'Wale ni sisi' isiyopitia haya hiyo huweza kuwa njia nyingine ya kusahau. Anayelisema hana budi kwanza kukiri kwamba aliwahi kusema 'wale'.

Babangu alirudi mapema mwaka 1998. Mjomba alimpokea mfuko mlangoni, akautia ndani, akaketi ukumbini kama zamani. Hawakulizungumza jambo lile hata siku moja. Babangu alipofariki tulimzika Machakos, na mjomba, akiwa mzee wa kutembea kwa mkongojo, alisafiri kwa basi usiku kucha pamoja na mwanawe. Kaburini aliomba jembe. Vijana walimsihi apumzike. Alikataa, akafukia hadi pumzi ikamwisha, ndipo ndugu yangu wa kunyonya akalipokea jembe akaendelea.

Nilisimama kando yao. Mimi niliyekuwa nimekwisha kumsoma Klein, na kumfundisha, sikuwa nimemwambia babangu nilichokisema nyuma ya duka, na sasa hakuwapo wa kuambiwa. Ndugu yangu wa kunyonya aliyasikia maneno yale. Tunaonana kila ninapokwenda Ziwa la Ng'ombe kumwamkua mamangu, na hajapata kunikumbusha. Yamkini amesahau, na yamkini ananingoja.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumeandika mengi juu ya utambulisho, na aghalabu tumeutafuta katika wahusika na dhamira. Napendekeza tuutafute pia katika viambajengo vidogo: 'ndi-', 'ni', 'wale', 'sisi', 'kwetu', 'kwenu'. Humo ndimo mtu hujipasua na humo ndimo aweza kujiunga tena. Nami nikienda tena Kisauni nina sentensi ya kumpelekea ndugu yangu, iliyochelewa sana: nilikuwa mbara siku ile, kama babangu, na wewe ulikuwa ukijua.