Manjanja Iliyokataa Kunyooka

Wengi wenu waliniona nikirudi shuleni na kuchelewa siku tisa. Wengine walisema nilikuwa mgonjwa. Hapana.

Vakanse ile nilikuwa hapa Mangina kwa baba mdogo, fundi wa mbabula, ju ya kutafuta minervali. Mbabula zetu zinatoka katika mapipa ya litre 200. Unatoa kifuniko na kitako, unapasua ubavu, unapata manjanja ya karibu metre 1.80. Lakini bado iko na umbo la pipa, inajikunja kama jani la mgomba lililokauka.

Siku moja baba mdogo alienda Beni, akaniachia pipa moja la kunyoosha. Nikaweka kigongo juu, nikapiga nyundo tangu asubuhi. Kadiri nilivyopiga, ndivyo ncha zilizidi kujikunja chini. Nikakasirika (ni tabia yangu, mnaijua), nikaongeza nguvu. Kufika saa nane manjanja ilikuwa na mabonde kama barabara ya mvua, tena ilipasuka mahali pawili.

Jioni baba mdogo hakupiga kelele. Alichukua kipande kilichobaki, akakigeuza.

— Mutoto, ulikuwa unapiga mugongo. Mugongo ni murefu tayari, nawe unauongezea urefu. Piga tumbo.

Akapiga ndani polepole, akianza katikati na kwenda pembeni. Ikafunguka.

Bei ya pipa ilitoka kwenye franga zangu. Ndiyo zile siku tisa.

Mwalimu wetu wa fizikia alicheka nilipomwambia. Kumbe hata viwanda vikubwa vinasumbuliwa vilevile! Huko chuma kinapitishwa katikati ya vyuma viwili vya mviringo vinavyozunguka. Kimoja kikienda mbio kuliko kingine, au upande mmoja ukiwa wa moto zaidi, au mafuta yakienea upande mmoja tu, uso mmoja unavutika kuliko mwingine. Basi manjanja inatoka na kichwa juu, ama chini, hata kugonga mashine na kusimamisha kazi. Uso uliovutika zaidi ndio unaokaa nje ya mkunjo. Nilimwuliza mara mbili, kwa sababu ni maneno ya baba mdogo kabisa, naye hakumaliza darasa la sita.

Kile kipande nilichoharibu tulitengeneza nacho mbabula moja. Hakuna aliyeinunua. Mama anaipikia sombe, na sufuria inalala upande.