Wimbo Mmoja, Video Tatu: Kwaya ya Rangwi na Hela Iliyopotelea YouTube

Basi bwana, kuna kwaya moja ya vijana kule Rangwi, Lushoto, ina chaneli YouTube. Watu wanne, paswedi moja. Kila mtu anapandisha anavyojua. Video inaanza kupanda usiku, bando linakata, mtu analala zake. Asubuhi mwingine anaipandisha ile ile, hajui mwenzie kashamaliza.

Wimbo mmoja ukawa na video tatu. Ya kwanza kinanda kimemeza sauti zote. Ya pili imerekebishwa. Ya tatu ni hiyo hiyo ya pili, picha ya mbele tu tofauti.

Hakuna aliyejali, mpaka mdau mmoja wa Dar alipopiga simu kuuliza kama elfu hamsini yake ya spika imefika. Haijafika. Kumbe mwisho wa video ya kwanza kuna namba ya mweka hazina wa zamani, na hiyo laini aliitelekeza, ikaenda kwa mtu mwingine. Jina lilitokea tofauti, mdau akadhani ni mweka hazina mpya.

Mpiga kinanda akasema futa zote za zamani, leo leo. Mwalimu wa kwaya akaunga mkono, ingawa yeye kilichomuuma ni ile sauti, sio hela.

Dada anayesoma Tanga akawakatalia. "Mwalimu, shikamoo, ila tukifuta hiyo tumeumia." Ndiyo ilikuwa inatazamwa kuliko zote, maana linki yake ndiyo iliyozunguka WhatsApp za Wasambaa wa mjini. YouTube hairuhusu kubadilisha video ndani ya linki ile ile. Na ili upate mgao wa matangazo unatakiwa uwe na wafuatiliaji 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukifuta video au ukiificha, masaa yake hayahesabiwi tena.

Walinuniana wiki nzima, mazoezi yakawa ya kimya kimya.

Mwisho dada akaingia YouTube Studio kwa kompyuta, akakata zile sekunde za mwisho zenye namba. Linki ikabaki, komenti zikabaki. Juu ya komenti akabandika linki ya video nzuri, namba mpya akaiweka kwenye maelezo. Ile ya tatu akaifuta, walioitazama walikuwa wao wenyewe. Paswedi ikabadilishwa, kila mtu akaingizwa kwa barua pepe yake, na mpiga kinanda akapewa ruhusa ya kupandisha tu, sio kufuta. Hajafurahi mpaka leo.

Mweka hazina akaipigia ile namba ya zamani. Akapokea mama mmoja, sauti ya upole kabisa.

"Ile hela? Nilijua ni mwanangu kanitumia. Nimeshanunua mbolea, baba."

Akamwambia haya mama, shikamoo, akakata simu.