Tangi Tupu

Tangi la mafuta la Volkswagen Kombi ya miaka ya sabini halitoki mpaka injini itoke kwanza. Walioliunda waliliweka juu ya giaboksi, mbele ya injini, kana kwamba haliozi. Kwa hiyo ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari hilo, usijidanganye kwamba ni kazi ya asubuhi moja. Ingekuwa Land Rover ya zamani, ungepaka sabuni ya mche kwenye tundu ukasogea hadi gereji, maana sabuni haiyeyuki kwenye petroli. Kwenye Kombi hata tundu lenyewe hulifikii.

Kombi ninayoizungumzia ni ya marehemu baba. Ina kitanda cha kukunjua, kabati na jiko dogo la gesi. Aliinunua kwa Wazungu waliofika Moshi kwa barabara, wakachoka, wakarudi kwao kwa ndege. Tangu afariki ilikaa miaka sita kihambani Kibosho, kando ya migomba, tangi likiwa robo. Ugonjwa ulianzia hapo. Mchana jua likiwaka, hewa ndani ya tangi inapanuka na kutoka. Usiku, na baridi ya kule juu mnaijua, inasinyaa na kuvuta nyingine iliyojaa ukungu. Unyevu unakuwa matone, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, yanazama hadi chini kabisa na kukaa huko yakila bati kutoka ndani. Kwa nje huoni kitu.

Mama alishapata mnunuzi, mtu wa Arusha aliyetaka kuifanya mgahawa wa kahawa wa barabarani. Alitoa wiki moja. Pesa yenyewe ilikuwa na kazi: operesheni ya jicho la kulia la mama, pale KCMC.

Fundi wa kwanza alishusha injini vizuri tu, sina la kumlaumu kwa hilo. Tangi lilipotoka akalipiga piga kwa bisibisi, vitundu vitatu vikajionyesha. "Hili tunachomelea, dada. Saa moja tu, kesho unaondoka na gari lako." Akamwita kijana wake. Miaka kumi na minane hivi, kandambili miguuni, miwani ya jua badala ya kinga ya uso.

Nikauliza kuhusu petroli. "Tumeshaimwaga yote. Tangi ni tupu."

Hilo neno "tupu" ndilo lililonitisha. Kinachoungua si petroli yenyewe, ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mvuke ukifika kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi, cheche moja inatosha. Tangi lililojaa halina nafasi ya mchanganyiko huo. Tangi tupu lina kila kitu. Kijiko kimoja cha chakula cha petroli, kikigeuka mvuke ndani ya tangi la lita 60, ni bomu. Na kutu inanyonya petroli kama sifongo, inaendelea kuitoa kidogo kidogo hata baada ya kumwaga.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, likalipuka watu wakiwa wanachota. Walikufa zaidi ya 100. Mjadala mwingi nilioufuata, wa kazini na wa mitaani, ulikuwa juu ya tamaa na umaskini. Juu ya mvuke mzito kuliko hewa, unaotambaa ardhini kimya ukitafuta moto, sikusikia mengi.

Nilipakia tangi kwenye bajaji. Fundi alicheka, akasema kazi hiyo anaifanya miaka yote na hajawahi kufa.

Mama nilimweleza kwa simu kwamba mnunuzi huenda tukamkosa. Akanyamaza, kisha akauliza yule kijana ni wa wapi. Sikujua. "Ana mama yake," akasema, akakata simu.

Huko Pasua nilielekezwa kwa mzee mmoja, fundi bati, wanamwita Meku tu. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho, akanusa mdomo wa tangi. "Mwanangu, hili usiliwekee moto leo." Akaniagiza molasi. Ndiyo, ile ile ya kiwanda cha sukari cha TPC tunayowapa ng'ombe. Kwanza aliliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, mara tatu, kisha akaingiza mnyororo akalitikisa mpaka likatapika magamba mekundu. Halafu molasi sehemu moja, maji sehemu tisa, vitundu vikiwa vimezibwa kwa vigingi vya mti. Molasi inaibandua kutu taratibu bila kula chuma kizima. Taratibu kweli: siku kumi na mbili, na inanuka kama pombe iliyosahauliwa.

Siku ya kumi na tatu bati lilitoka la kijivu, safi. Akaligeuza chini juu, akalijaza maji, akabakisha vidole viwili tu chini ya vitundu. Hakutumia mtungi wa gesi. Alipasha kipande cha shaba kwenye jiko la mkaa lililowekwa mbali, akaja nacho, akayeyusha risasi juu ya vitundu kama anayepaka siagi. Vitundu vilikuwa vitano, si vitatu.

Tangi likarudi na mipira mipya yote, maana ya zamani ilikuwa inakatika kama biskuti. Tukajaza petroli, tukalaza boksi chini ya gari usiku kucha. Asubuhi lilikuwa kavu.

Mtu wa Arusha alirudi wiki ya tatu, akakata laki tatu kwa sababu ya kusubirishwa. Mama hakubishana. Alizihesabu noti moja moja, akizisogeza karibu na jicho la kushoto.