Mitumba ya baharini si ya kupapia

Mkazi wa Nairobi hafundishwi kununua mtumba. Tangu utotoni amemwona mamake akigeuza koti nje ndani pale Gikomba, akijaribu zipu, akinusa kwapa, kisha akijifanya anaondoka ili aitwe tena kwa bei nafuu. Basi siku anapoteremka Diani na kukuta suti za mpira, mapezi ya miguuni na mitungi ya hewa vimepangwa barazani, na kipande cha boksi kikitangaza kwamba vyote vinauzwa, hudhani kuwa ujuzi wake wa Gikomba utamtosha. Kwa mapezi utamtosha. Kwa vingine, msomaji, tusikilizane kwanza.

Kufika Diani si kazi ngumu siku hizi. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, humchukua msafiri Syokimau na kumshusha Miritini. Kutoka hapo ni kuingia mjini, kuvuka feri ya Likoni, kupanda matatu hadi Ukunda, na kumalizia kwa tuktuk hadi ufuoni. Ukipita barabara ya ufuoni tupa macho juu, uone mbega wakivuka kwa vijidaraja vya kamba walivyotengenezewa ili wasigongwe na magari.

Mbele ya ufuo kuna mwamba wa matumbawe uliojipanga sambamba na nchi kavu. Ndani ya mwamba maji ni ya kina kifupi, na mtoto mwenye miwani ya kuzamia huwaona samaki wa rangi zote bila kutumia mtungi wowote. Wazamiaji wenye mitungi hupelekwa kwa mashua nje ya mwamba, wanakopatikana kasa, chewa, mikunga waliochungulia kwenye mapango yao, na kwa mwenye bahati, papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wakati mzuri ni wa kaskazi, kuanzia Oktoba hadi Machi. Kusi likianza kuvuma bahari huchafuka, na kufikia Mei na Juni biashara hulala, baadhi ya vituo vikafunga milango kabisa.

Huo ndio wakati wa kupekua stoo. Vifaa vilivyokodishwa msimu baada ya msimu hutolewa nje na kutafutiwa mnunuzi. Isitoshe, wapo wageni waliomaliza mikataba yao ya kazi, wanaouza kila kitu kuanzia friji hadi suti ya kuzamia kabla ya kupanda ndege. Na mnunuzi naye hakosekani. Ni mwanafunzi aliyemaliza juzi kozi ya kwanza, ile inayomruhusu kushuka hadi mita 18, na sasa hajitambui kwa hamu. Ana akiba kidogo mfukoni na hataki tena kuvaa vitu vya kukodisha vilivyovaliwa na kila mtu.

Kwanza nunua miwani, na hiyo inunue mpya. Si ghali ikilinganishwa na vingine, na nyuso zetu hazifanani. Iweke usoni bila kupitisha mkanda kichwani, uvute pumzi kwa pua, kisha uachie mikono. Ikinata ni yako. Ikianguka, hata ingekuwa ya bei gani, itakuingiza maji puani kila unapocheka.

Mapezi na suti ndivyo mtumba wenyewe. Mapezi hayana siri: tazama kama mpira umepasuka na kama yanakutosha. Suti nayo ibonyeze kwa kidole. Mpira wenye uhai hurudi juu, uliochoka hubaki bapa kama godoro la bweni, na hauzuii tena baridi. Maji yetu ni ya vuguvugu, nyuzi 25 hadi 29 hivi, kwa hiyo suti ya unene wa milimita 3 inatosha. Usikubali kuuziwa suti nzito iliyokuja na mgeni kutoka maziwa ya baridi ya Ulaya, eti kwa kuwa ni nene ndiyo bora. Utachemka humo kama muhogo.

Jaketi la kuelea linahitaji subira zaidi. Lijaze hewa mpaka likaze, uliache usiku kucha. Asubuhi likiwa limenywea, lina tundu. Litikise, ukisikia chembe za chumvi zikichezacheza ndani, jua mwenyewe hakuwa akilisuuza. Kisha liunge na mtungi ubonyeze kitufe cha kujaza hewa mara nyingi, uone kama kinarudi upesi. Kitufe kinachong'ang'ania ni hatari, kwani jaketi linalojijaza lenyewe humpandisha mtu juu kwa kasi, na hewa iliyo mapafuni hutanuka kadiri anavyopanda. Mapafu yanaweza kupasuka.

Sasa tuje kwa regyuleta. Mama anayepikia gesi analijua jina hilo. Ile ya jikoni hupunguza nguvu za gesi kabla haijafika mekoni. Ya baharini hufanya vivyo hivyo, ila mtungi wake hushindiliwa hewa hadi bar 200, takriban mara mia moja ya upepo wa tairi la gari dogo, na yenyewe ndiyo inayoigeuza nguvu hiyo kuwa pumzi ya kawaida mdomoni. Aina inayotumika hadi leo ilitokana na kazi ya Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, mwaka 1943. Ndani yake mna springi na vipande vya mpira, na mpira huchakaa hata kifaa kikiwa kimelala kabatini bila kuguswa.

Kuna majaribio machache ambayo mnunuzi anaweza kuyafanya hapo hapo barazani. Ziba vizuri upande unaofungwa kwenye mtungi kwa kifuniko chake, kisha unyonye pale pa mdomo. Hewa isipite hata kidogo. Ikipita, pana ufa mahali. Chungulia kichujio kidogo cha chuma pale hewa inapoingilia. Kikiwa na rangi ya kijani, maji ya chumvi yaliwahi kuingia. Kikiwa chekundu, hiyo ni kutu ya mtungi wa chuma. Pinda mipira ya hewa karibu na vichwa vyake vya chuma utafute nyufa.

Lakini majaribio haya yanakuwezesha kukataa kifaa kibovu tu. Hayathibitishi kwamba kingine ni kizima. Pale Ukunda nilimsikia kijana mmoja wa chuo akibishana na fundi wa vifaa hivi, mzee mwenye vidole vilivyojaa grisi, aliyekataa kuipitisha regyuleta aliyoletewa mpaka aifungue.

"Lakini fundi, si inapumua?" kijana akamuuliza.

"Hapa juu hata wewe unapumua bila hiyo, mwanangu," mzee akamjibu, bila kuinua macho.

Kwa hiyo bei anayotaja muuzaji si bei yenyewe. Tuseme anataka Sh25,000, na fundi anadai Sh15,000 za vipuri na kazi. Umenunua kitu cha Sh40,000, na hicho ndicho cha kulinganisha na kipya. Watengenezaji hutaka regyuleta ifunguliwe na kuhudumiwa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, hivyo omba kuona karatasi za huduma. La muhimu zaidi kwetu Kenya ni hili: kila kampuni ina vipuri vyake. Kabla ya kutoa pesa, kiulize kituo unachozamia kama fundi wao anahudumia aina hiyo. Ikiwa itabidi vipuri viagizwe ng'ambo, achana nayo, hata ukipewa bure. Tazama pia namna inavyofungwa mtunguni. Nyingi zinazoachwa na wageni wa Ulaya ni za DIN, zinazoingia kwa kuzungushwa kama parafujo, ilhali nyingine hubana kwa nje. Si kasoro, ila ujue mapema utakayounga nayo.

Mtungi je? Sioni sababu ya anayeanza kununua mtungi. Vituo hukupa mtungi uliojazwa pamoja na mkanda wa risasi unapolipia mashua, na nyumbani Umoja au Kasarani utaujazia wapi? Ukishawishiwa na bei, soma tarehe zilizogongwa shingoni. Mitungi mingi ya alumini ya kabla ya 1990 iliundwa kwa mchanganyiko uitwao 6351, ambao baadaye uligunduliwa kuwa hupata nyufa shingoni. Vituo vingi duniani hukataa kuijaza, na havikosei.

Ukibakiwa na chochote, tafuta kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa. Hakikisha kifuniko cha betri hakina kutu na kwamba betri hubadilishwa hapa nchini. Kazi yake mojawapo inamhusu sana mtu wa Nairobi. Mzamiaji hupanda kutoka majini akiwa na nitrojeni ya ziada mwilini, na huhitaji muda kuitoa kabla ya kwenda mahali pa juu. Wengi hudhani onyo hilo ni la ndege tu. La hasha! Miongozo huhesabu urefu wa kuanzia mita 600 hivi, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, uende kwa ndege, kwa treni au kwa basi. Baada ya mbizi moja subiri angalau saa 12; baada ya mbizi kadhaa, saa 18. Tiketi ya treni ya jioni ile ile basi usiikate. Lala Diani usiku mmoja zaidi.

Na ukifika nyumbani, suuza kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi na ukianike kivulini, kwa sababu jua huua mpira. Ila waarifu majirani wa ploti mapema. Suti nyeusi ya mtu mzima ikining'inia kwenye kamba ya nguo saa moja usiku imewahi kuwapigisha watu mayowe.