Wakili na Suluhu

Watu wengi hudhani ya kuwa wakili hodari ni mwenye ulimi mkali. Sisi ambao kazi yetu ni uwakili twaona kuwa ulimi ni nusu tu ya uhodari. Nusu ya pili ni sikio.

Tulipata kumwakilisha kijana aliyegombana na dada yake juu ya nyumba ya orofa iliyoachwa na marehemu baba yao. Mirathi ilikuwa wazi: katika mafungu 24, mama 3, kaka 14, dada 7. Lakini kaka alitaka nyumba iuzwe, na dada akakataa katakata. Kesi ingeliendelea, gharama zake zingeliila nyumba yenyewe, na ndugu wasingelizikana.

Basi sisi na wakili wa dada tukaafikiana kuwaketisha mbele ya mpatanishi asiye na upande. Yeye hakumwuliza mtu, "Wataka nini?" Aliuliza, "Walitakia nini?" Hapo ikadhihiri kuwa kaka alikabwa na deni, na dada alichelea mama yao mgonjwa asije akakosa pa kulala. Kumbe haja zao hazikupingana! Orofa ya chini ikapangishwa, kodi ya mwaka mzima ikatolewa mbele, na wenziwe wakaridhia kaka atangulie kulipa deni lake, kisha wao wafidiwe katika kodi za baadaye. Mafungu ya mirathi hayakuguswa. Kilichopatanwa ni namna ya kuyatumia.

Njia hii si ngeni kwetu. Sura An-Nisaa, aya ya 35, yaamrisha kuwa mume na mke wakihitilafiana, ateuliwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa za kila upande. Na sheria za nchi nazo zimeifuata: Tanzania iliingiza usuluhishi katika mashauri ya madai mwaka 1994, Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, yazitaka mahakama ziendeleze upatanishi, na mwaka 2016 mahakama za Milimani, Nairobi, zikaanza kuwapeleka wenye mashauri kwa wapatanishi.

Wakili aendaye kwenye suluhu hana budi kujua mambo matatu: haja ya kweli ya mteja wake, yatakayompata mteja huyo suluhu isipopatikana, na kwamba uamuzi ni wa mteja, si wake yeye.

Walakini si kila ugomvi wafaa kupatanishwa. Mke anayepigwa, au yatima aliyenyang'anywa mali, akishurutishwa "kuelewana," hiyo si suluhu bali ni dhuluma ya pili. Huyo apelekwe mbele ya hakimu.

Enyi vijana mnaosomea sheria, jifunzeni kushinda kesi, kwani mwenye haki huhitaji mtetezi. Lakini jifunzeni pia kuuliza na kunyamaza mpaka mjibiwe. Hukumu humpa mtu nyumba, ndugu hairejeshi.