Farasi Bila Tandiko, Wiki Tatu Kabla ya Harusi



Mabibi harusi wengi mnaniuliza kuhusu singo, hina na udi, na mambo hayo nayapenda mno. Leo lakini nakusimulieni jambo lililonikuta mimi mwenyewe wiki tatu kabla ya harusi yangu. Nalo ni la mabibi harusi, ila kwetu halizungumzwi isipokuwa kwa kunong'ona.

Kabla sijawekwa ndani, mama aliniruhusu niende Bwejuu kwa shangazi nikapumzike. Nyumba yetu ya mjini ilikuwa imeshajaa wageni, mabunda ya khanga na kelele za nani kaalikwa na nani kasahauliwa. Bwejuu kulikuwa kimya. Shangazi alikuwa akisokota kamba za makumbi barazani, na binti yake alikuwa na kazi ya kutunza farasi wawili wanaopandwa na watalii ufukweni.

Asubuhi moja baada ya swala ya alfajiri, binti shangazi akanambia, "Twende nikawaogeshe, pwani hakuna mtu saa hizi." Ilikuwa siku za bamvua na maji yalikuwa yakitoka. Nilivaa suruali pana chini ya baibui, na mtandio nikaufunga na kuuchomeka pini tatu. Farasi jike wa kijivu hakuwa na tandiko wala vikuku, hatamu tu. Nilisimama juu ya jiwe, nikashika singa za shingoni, na binti shangazi akanisukuma kidogo. Nikajikuta juu.

Dada zangu, ule mgongo una joto! Tandiko linakutenga na mnyama. Ukikaa bila tandiko unasikia kila msuli unavyokwenda, unasikia anavyovuta pumzi, na yeye anakusikia wewe. Mwanzo nilimbana kwa miguu kwa woga, naye akadhani namwambia akimbie, akaanza kwenda matiti. Nilirushwa rushwa kama gunia la mbata. "Legeza miguu!" binti shangazi akapiga kelele. "Kaa mzito, kiuno kimfuate!" Nikalegeza. Mara akatulia, na mimi nikatulia.

Tukaingia majini mpaka yakamfika magotini. Kule mbele mwamba ulikuwa ukivunja mawimbi, na kina mama wa mwani walikuwa wameanza kushuka na kamba zao. Mmoja akanipungia mkono akacheka. Nilikuwa sijacheka vile tangu nianze kuhesabu siku za harusi. Nikasema Alhamdulillah kwa sauti, peke yangu, juu ya farasi.

Binti shangazi alinipiga picha. Nikamtumia mama, nikidhani atafurahi.

Simu ikalia pale pale. Mama hakunigombeza. Alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Umekaa bila tandiko?" Nikasema ndiyo. "Mwanangu, na wiki tatu hizi zimebaki?" Akaniambia niifute ile picha na nisimwambie mtu, hasa somo yangu.

Ndipo nikafahamu anachokiogopa. Nanyi mmefahamu.

Siku tatu sikulala vizuri. Nilikuwa nimejihifadhi maisha yangu yote, kwa ajili ya Mola wangu kwanza, na ghafla nikawa naogopa kwamba mwili wangu utanitolea ushahidi wa uongo. Nilijikagua, nikalia, nikajuta. Furaha yote ya pwani iligeuka kama dhambi niliyoifanya.

Niliporudi mjini nilikwenda kwa mwalimu wangu wa chuoni, bibi aliyenisomesha tangu alif. Nilitoa maneno kwa shida. Yeye wala hakushtuka. Akaniambia kwamba suala hili si jipya, mafakihi wameliandika zamani. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu cha madhehebu yetu ya Shafi, analitaja katika mlango wa ndoa: utando ukiondoka bila ya tendo la ndoa, kwa mfano kwa kuanguka, kwa kauli yenye nguvu zaidi hilo halibadilishi kitu, na msichana huyo hukumu yake ni ile ile ya bikra. Na Mahanafi nao wanasema hivyo kwa aliyeruka au aliyepata jeraha. Wale masheikh hawakuwa na aibu kuliandika, akasema, sisi ndio tuliolifanya siri.

Kisha nikamuuliza mkunga ninayemwamini. Naye alinieleza kwa upole kwamba utando ule hautofautiani na sehemu nyengine za mwili: kuna waliozaliwa nao mdogo, kuna ambao wake unanyumbuka, na wanawake wengi hawatoki damu usiku wa kwanza. Hakuna kipimo kinachoweza kumjua bikra. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine mawili ya Umoja wa Mataifa, yalitaka vipimo vya ubikira vikomeshwe, kwa sababu havina msingi wa kitaalamu na vinawadhuru wanawake.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yote. Alisikiliza huku akikunja nguo. Alipomaliza akakaa kitandani, akanambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Usiku wa harusi yake yeye, kitambaa kilitoka cheupe. Somo yake, Mungu amrehemu, ndiye aliyemsitiri, na hakusema alifanya nini. Mama hakuwahi kupanda farasi wala baiskeli. Miaka yote ile alibeba aibu ya kosa ambalo hakulifanya, na aliponiona kwenye picha aliiona aibu ile ile inanijia mimi.

Tulilia wote wawili. Kisha akauliza, "Lakini tangu lini mwanamke wa Unguja akapanda farasi?" Nikamkumbusha Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886 ameeleza jinsi watoto wa jumba la mfalme walivyofundishwa kupanda. Mama akasema, "Haya, yule mtoto wa mfalme." Lakini alitabasamu.

Mwalimu wangu alinipa na zawadi nyengine, nami nakupeni. Anas bin Malik anasimulia katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwamba usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na kishindo. Walipotoka kwenda kutazama walikutana na Mtume (s.a.w.) anarudi, ameshawatangulia, yuko juu ya farasi wa Abu Talha, bila tandiko, upanga shingoni. Akawatuliza wasiogope. Farasi yule alikuwa akijulikana kuwa mzito wa mwendo, lakini Mtume alimsifu kwamba amemkuta ni bahari. Na neno alilolitumia ni hilo hilo letu, *bahr*. Nilipolisikia nilirudi Bwejuu kwa moyo wangu wote.

Basi dada yangu, ukitamani kupanda, panda kwa adabu zake. Tafuta wakati ambao pwani haina watu, na mwanamke mwenzio wa kukushikia. Vaa suruali pana na kofia ngumu ya kichwa juu ya mtandio. Anza kwa mwendo wa taratibu kwenye mchanga ulioloa, na usipande farasi mwenye kidonda mgongoni, maana huyo pia ni amana. Mwenye mimba asijaribu.

Na wewe mama mwenye binti, zungumza naye kabla ya somo hajaja. Mwambie ukweli wa mwili wake na ukweli wa dini yake. Heshima yake iko katika aliyoyafanya na aliyoyaacha kwa ajili ya Allah, na Allah anayajua yote.

Mtauliza mume wangu alisema nini. Ya chumbani kwangu ni ya chumbani, hayo hamtayapata hapa! Nitakachokwambieni ni kwamba nilimpeleka Bwejuu, na yeye alidai tandiko.

Idd iliyopita mama alikuja nasi. Alisimama mchangani na baibui lake, akampapasa yule farasi wa kijivu shingoni kwa muda mrefu. Binti shangazi akamwambia, "Panda, shangazi." Mama akasema magoti yanamuuma. Lakini mkono wake hakuuondoa.